Nimeyaua Majani ya Baba Mkwe, na Kila Mtu Analilaumu Jua

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na naomba pia usinicheke, maana najua ukurasa wako unapokea barua za watu waliokimbiwa na wenzi wao na waliodhulumiwa na ndugu zao wa tumbo moja, na mimi hapa nakuandikia habari za majani, ndiyo, majani ya bustani, ukoka uliokuwa mbele ya nyumba yetu umeshonana hata ukidondosha sindano huioni tena, na sasa umebaki vipara na rangi ya mkate ulioungua, lakini ukinivumilia mpaka mwisho utaona kwamba si majani tu, kwamba nisipopata la kusema kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi huu nitakuwa nimemkosea mtu ambaye sijaona wa mfano wake.

Mtu huyo ni baba mkwe wangu. Watu wa mtaani humwita Bwana Uwanja, kwa sababu miaka thelathini na mbili alikuwa mtunza majani wa uwanja wa mpira, yule mtu ambaye mashabiki hawamkumbuki ila siku mchezaji akiteleza, na alipostaafu alirudi nyumbani na reki yake na uma wake wa bustani akaanza kazi ileile upya mbele ya nyumba, mahali palipokuwa na kokoto na vifusi vya ujenzi, na ndani ya miaka miwili akawa ametoa kitu ambacho wapita njia walikuwa wanasimama getini kukitazama. Mimi ni fundi cherehani, na nilipoolewa humu ndani yeye ndiye aliyehamisha vifaa vyake vyote kutoka chumba cha mbele akanipa mimi niweke cherehani yangu, akasema chumba kile ndicho chenye mwanga mzuri wa kutungia uzi, na mashine ya kukatia majani haihitaji mwanga, ikalale stoo. Wanawe wawili walikuwa wanakitaka chumba hicho, akapewa mke wa mwana.

Basi kwa miaka kumi na moja nimeshona nikiwa nimekaa dirishani na yeye yuko nje pale mbele yangu, asubuhi na mapema, pekupeku, suruali imekunjwa mpaka magotini, anatembea polepole juu ya majani yake kutoka ukuta mpaka ukuta, na akifika mahali fulani anasimama, anarudisha mguu, anabonyeza kwa kisigino, kisha ananiambia pale dirishani, "Mwanangu, hapa pana kiu," na mimi nikitazama naona kijani tu kama kwingine kote, mpaka siku moja akapaacha makusudi bila kupamwagilia ili nione, na kweli siku ya pili yake pakaanza kupauka, palepale, ukubwa wa sinia. Nyayo za yule mzee zinajua kusoma, mshauri. Na suruali zake zote zina madoa ya kijani magotini, nimezitia viraka mimi, na kila akija kuchukua suruali huvaa miwani, akautazama mshono wangu kwa ndani, si kwa nje, kwa ndani, akasema, "Kazi ya mtu hutazamwa upande usioonekana." Hakuna mteja aliyewahi kunisifu hivyo.

Miezi mitatu iliyopita alianguka akibadilisha balbu, akavunjika nyonga, na siku walipokuja kumchukua kumpeleka hospitali kubwa ya mji mwingine, ambako baadaye angekaa kwa wifi yangu, alikuwa amelazwa kiti cha nyuma cha gari uso umemsawijika kwa maumivu, lakini akaomba gari lisimame, akaniita mimi, si mume wangu wala shemeji, mimi, akasema mbele yao wote, "Mwanangu, majani nakuachia wewe." Kisha akataka kunieleza namna ya kuyatunza, akaanza, "Sasa kiangazi kinaingia, sikiliza," na mimi kwa kutaka asijichoshe, na nisikudanganye, kwa kuvimba kichwa pia, nikamkatiza nikasema, "Baba, usihofu, miaka kumi na moja nakutazama dirishani, najua yote." Akanitazama, akasema, "Haya." Gari likaondoka.

Sikujua hata moja. Nilianza na mashine. Mimi kazi yangu ni kunyoosha, siwezi kuona pindo limepanda upande mmoja nikatulia, basi nikayashusha magurudumu ya mashine mpaka mwisho nikayakata majani yote mafupi, sawasawa, nikapita na mkasi wangu wa kitambaa pembeni mwa ukuta, na siku ile yalipendeza kweli, jirani alisema yamekaa kama yamepigwa pasi. Jua likaja kali. Wiki ya pili yakaanza kupauka, nikayamwagilia kila jioni bila kukosa, mpira mkononi, dakika kumi nikitoka kwenye cherehani, mpaka yang'ae, na kadiri nilivyomwagilia ndivyo yalivyozidi kukauka. Nikarusha mbolea, tena mchana wa jua, kiganja kwa kiganja, na ilipoangukia nyingi pakaungua madoa.

Na hapo ndipo nilipofanya lile ambalo naona aibu kuliandika hata kwako usiyenijua. Nilichukua futi yangu ya kupimia, nikapima vipara kimoja kimoja, nikaandika vipimo kwenye daftari la wateja, nikaenda nyuma ya nyumba karibu na tangi la maji ambako ukoka ulikuwa bado mzuri, nikajaribu kuchora kwa chaki nikakuta majani hayakubali chaki, nikatumia pini na uzi, nikakata kwa kisu cha jikoni vipande vya pembe nne, kingo zimenyooka, nikaja nikavipachika kwenye vipara juu ya ule udongo mgumu kama ninavyotia kiraka kwenye goti la suruali. Vilikaa barabara, mshauri. Hapakuwa na uwazi wa kupitisha hata ukucha, na nilisimama nikajisifu. Siku ya tisa vilikuwa vimekauka vyote, ncha zimejikunja juu, na sasa mbele ya nyumba pana viraka vilivyokufa vyenye pembe nne, na nyuma ya nyumba pana mashimo yenye pembe nne, na vipimo vinalingana.

Sasa sikia habari za simu. Mzee hupiga kila jioni, na wiki tatu za kwanza kila akipiga aliuliza, "Majani hayajambo?" kama mtu anayeuliza mtoto, nami nikajibu hayajambo, baba, mabichi kabisa, na siku moja ili aone kwamba sisemi tu nikamwambia, "Nimeyakata safi, baba, na nayamwagilia kidogo kidogo kila jioni." Akanyamaza nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Umeyakata mafupi kiasi gani?" Nikasema, "Mpaka chini kabisa, yamenyooka." Akasema, "Haya, mwanangu. Umekula?" Na tangu siku ile, sijui ni maumivu au ni zile dawa, haulizi tena habari za majani, anauliza cherehani, anauliza wateja, anauliza kikohozi changu kama kimepona, majani hayagusi kabisa, nami namshukuru Mungu haniulizi, nisije nikajenga ghorofa la uongo. Lakini wifi ananiambia kwamba pale anapofanyishwa mazoezi ya kutembea huwaambia wenzake, "Mimi sina wasiwasi, nimeacha mtu nyumbani."

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Wiki mbili zilizopita shemeji alikuja, akasimama getini, akashika kiuno, akasema, "Jua la mwaka huu limemaliza kila kitu," na mume wangu akasema kweli, na jirani akasema kweli, na mimi niliyekuwa nimesimama pale na futi shingoni nikanyamaza kimya. Kutoka hapo shemeji akasema kwa kuwa majani yameshakufa, na mzee anarudi na magongo na majani yatamkwaza, bora tumwage zege mbele yote, atembee pazuri, na gari nalo lipate pa kukaa. Shemeji si mtu mbaya, nimemwona akilia hospitalini mpaka anashika ukuta, anachosema anakisema kwa kumpenda baba yake. Mume wangu amekubali nusu. Jumapili ya mwisho wa mwezi tutakaa wote tuamue, na mafundi wanakuja kesho yake. Mzee hajaambiwa, wanasema tusimsumbue, atakuja kujionea.

Nikinyamaza, mzee atarudi akute zege mahali alipoacha majani, na atajua ni kwa sababu yalikufa mikononi mwangu. Nikisema, nitaaibika mbele ya ukoo mzima, na mume wangu anasema kumwambia mzee kwamba majani yamekufa ni kumwongezea mgonjwa ugonjwa. Fundi mwenzangu ananishauri ninunue majani yaliyooteshwa tayari, yale yanayokuja yamekunjwa kama jora, niyatandaze usiku mmoja kabla mzee hajarudi, asijue, lakini mimi nazijua zile nyayo. Je, majani haya yanaweza kufufuka au najitia moyo bure? Na mtu kama yule, aliyenitazama akanipa kitu alichokipenda kuliko vyote, namwambiaje?

Ni mimi,
Fundi Aliyeharibu

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, barua yako nimeirusha foleni nikaiweka mbele ya nyingine kumi na nne, maana zege halisubiri zamu. Na samahani, nimecheka. Nilijizuia mpaka ulipofika kwenye pini na uzi, hapo nikashindwa, na mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikaisoma mara ya pili, na mara ya pili sikucheka.

Nianze kwa kukugombeza, tumalize. Kosa lako si mashine wala mbolea wala vile viraka. Kosa lako lilitendeka kabla gari halijaondoka. Mtu mwenye nyonga iliyovunjika amesimamisha gari, amejikaza, amefungua mdomo kukufundisha kazi ya maisha yake, nawe ukamwambia unajua yote! Kutazama dirishani miaka kumi na moja ni kutazama dirishani. Wateja wako wamekutazama ukishona miaka hiyohiyo, hebu mwambie mmoja wao akate gauni. Asiyeuliza hana ajifunzalo, na wewe hukukosa wa kumwuliza, ulikuwa naye kwenye simu kila jioni. Kila jioni, mama! Fundi mkuu anakupigia mwenyewe, na wewe unamwambia mabichi kabisa.

Nimemaliza kugombeza. Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu kuna jambo umeliandika kwa mkono wako na hukuliona.

Mimi si mtu wa bustani. Nina vyungu viwili vya maua dirishani, na kimoja nakimwagilia kwa heshima tu. Kwa hiyo nilichukua barua yako nikaenda kwa mtunza uwanja wa shule iliyo nyuma ya ofisi zetu, mwanamke mkimya mwenye kofia pana, nikamsomea vile vipande vinavyohusu majani. Alisikiliza huku ananoa kisu cha mashine yake. Nilipofika kwenye yale mazungumzo ya simu aliacha kunoa.

"Rudia hapo," akaniambia.

Nikarudia. Nimeyakata mpaka chini kabisa, nayamwagilia kidogo kidogo kila jioni.

"Huyo mzee alijua siku hiyohiyo," akasema.

Nikamwuliza alijuaje na yuko mji mwingine kitandani. Akanieleza kwamba ukoka ukiunyoa mpaka chini kiangazi kinapoingia, umeuvua nguo mbele ya jua, na ukiumwagilia kidogo kila jioni maji yanaishia juu juu, mizizi nayo inapanda juu kuyafuata, ikishafika juu jua linaichoma. Ni makosa mawili ambayo kila mtunza majani huyajua tangu wiki ya kwanza ya kazi. Kumwambia Bwana Uwanja maneno yale ni sawa na mtu kukupigia simu wewe na kukwambia amefua hariri kwa maji yanayochemka. Ungehitaji kuiona?

Sasa rudi kwenye barua yako mwenyewe. Wiki tatu aliuliza kila siku. Ukamwambia lile neno. Akanyamaza, akauliza swali moja la kuhakikisha, akaupata ukweli wote, na neno lililofuata likawa, "Umekula?" Tangu hapo hajauliza tena. Wewe umeweka hesabu hiyo kwenye maumivu na dawa. Hapana, Fundi. Mtu aliyeuliza kila jioni halafu akaacha ghafla hajasahau. Ameacha ili usilazimike kumdanganya tena. Amelala pale na nyonga yake, anajua bustani yake inakufa siku baada ya siku, anajua mpaka mahali majani yatakapoanzia kupauka, na bado anaulizia kikohozi chako. Na akiinuka kwenda mazoezini anawaambia watu kwamba ameacha mtu nyumbani. Anasema hivyo akiwa anajua. Nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi nikisoma mambo ya wakwe, mengi yake hayaandikiki gazetini, na huyu ni wa kwanza kunifanya nivue miwani nifute macho. Yule mwanamke wa uwanja wa shule alisema kwa ufupi zaidi. Alisema, "Huyo ni mtu," akaendelea kunoa.

Kwa hiyo lile swali lako la kumwumiza mgonjwa halipo. Alishaumia, tena ameumia peke yake, kwa sababu ninyi wote mmekubaliana kumpumzisha. Mnampumzisha kutoka kwenye nini? Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na mbili, mkimnyang'anya hata wasiwasi wake mtambakizia nini pale kitandani?

Sasa majani. Unataka kujua kama yamekufa. Chuchumaa, shika kishada cha majani makavu, vuta. Yakitoka mkononi bila ubishi, pale pamekufa. Yakikataa, fukua kidogo kwa kidole utafute ule mtambazi, lile shina linalolala chini, ulikwangue kwa ukucha. Ukiona ndani bado peupe au pana kijani, limelala tu, halijafa. Ukoka una roho ngumu, na mwenzangu wa kofia pana ana hakika kwamba zaidi ya nusu ya bustani yako imelala. Pima kipara kwa kipara, andika kwenye lile daftari la wateja, hapo vipimo vyako vina kazi.

Mashine ifungie stoo. Usiiguse mpaka majani yafike urefu wa kidole chako cha kati, na siku utakayokata, pandisha magurudumu, ukate ncha tu, theluthi moja na si zaidi. Mbolea ifunike, usiitazame mwezi mzima. Yale madoa yaliyoungua yamwagilie maji mengi siku mbili mfululizo ili sumu ishuke chini. Baada ya hapo, acha kabisa huo mtindo wa jioni dakika kumi. Mwagilia alfajiri, mara mbili kwa wiki, lakini mwagilia hasa, mpaka bisibisi ndefu izame ardhini mpaka kwenye mpini bila kulazimisha. Ikigoma, bado hujamwagilia, umefuta vumbi.

Udongo wako umekuwa mgumu, ndiyo maana viraka vilikufa. Kitambaa hakina mizizi, Fundi. Kiraka cha suruali kinashikwa na uzi, kiraka cha majani kinashikwa na udongo, na wewe ulikilaza juu ya sakafu. Chukua ule uma wa bustani wa mzee, uchome ardhi yote, shimo kila baada ya shibiri, utikise kidogo, uchomoe. Kazi hiyo itakuumiza mgongo, na unastahili. Toa yale makavu kwa reki. Palipokufa kweli, lima kina cha kiganja, changanya samadi iliyooza vizuri, kisha nenda nyuma ya nyumba kwenye majani mazima, ung'oe mitambazi mirefu yenye vifundo, uipande kwa mistari, vifundo viwili chini na ncha juu, ukanyage kwa mguu ili udongo uishike. Hapo tu ndipo umwagilie kidogo kila siku, siku kumi za kwanza, kisha urudi kwenye ratiba. Usitembee juu yake na usiruhusu mtu atembee. Yale mashimo yako ya pembe nne jaza udongo, ukoka wa kando utayafunika wenyewe, haujali pembe. Ndani ya wiki sita utaanza kuona kijani. Hautakuwa uwanja wa fainali, lakini utakuwa hai.

Na hayo majani ya kununua yaliyokunjwa kama jora, mwambie fundi mwenzako asante. Umeshajijibu mwenyewe hapo.

Twende kwa shemeji. Usimgeuze adui. Hoja yake ya magongo ni ya kweli, na mtu anayelia hospitalini ameshika ukuta si mtu wa kupigana naye. Siku ya Jumapili usingoje mpaka wamalize kuongea. Watoe nje, uwasimamishe mbele ya hivyo viraka, useme, "Jua halijafanya hivi. Nimefanya mimi." Jua halina wakili, ndiyo maana mnalisingizia. Ukishasema hivyo, waeleze kwamba kilichoharibiwa na mkono kinaweza kutengenezwa na mkono, na umwombe shemeji akupe zege kwenye njia moja tu, kutoka getini mpaka mlangoni, upana wa magongo mawili na mtu wa kumshika mkono, bila ngazi. Mpe futi aipime yeye mwenyewe. Gari lake litaendelea kulala linapolala siku zote. Utaaibika, ndiyo, kama dakika kumi hivi. Mume wako naye atakuwa amejifunza kwamba kimya si dawa ya mgonjwa, na nitafurahi ukimsomea mstari huu.

Lakini hiyo ni Jumapili. Kabla ya Jumapili, leo hii, ukishaweka gazeti chini, kuna simu ya kupiga. Usisubiri apige yeye jioni. Usianze na salamu ndefu, usianze na kiangazi, usiseme "unajua baba, hali ya hewa." Sema, "Baba, nimeyaua majani yako. Nilikudanganya. Nifundishe." Na yale yote niliyokuandikia hapo juu, mweleze kwamba umeambiwa na mtu wa gazeti, umwulize kama ni sahihi. Nina hakika atatupa nusu yake na kusema huyo wa gazeti hajui kitu, na utafuata lake, si langu. Mimi sijawahi kuikanyaga bustani hiyo. Yeye anaijua kwa kisigino, na yuko hapo kitandani bila kazi, na wiki nyingi sasa hakuna mtu aliyemhitaji kwa lolote isipokuwa apone.

Baada ya kusema, funga mdomo. Atanyamaza, huyo ndivyo alivyo, nawe utadhani simu imekatika. Usijaze hicho kimya kwa kulia wala kwa kujitetea. Subiri. Akisema tena "Haya, umekula?" mwambie, "Nimekula, baba, naulizia majani," usimwachie njia ya kukusitiri. Na akianza kukugombeza, Fundi, akipandisha sauti mpaka wifi yako aje mbio kutoka chumba cha pili, kaa chini, chukua kalamu, andika kila neno. Mtu hagombezi juu ya kitu alichokwisha kukizika.